Fundi, usiifungulie dunia nzima mlango wa kiwanda

Majuzi niliitwa kwenye kiwanda kidogo cha barafu hapa pwani. Mwenyewe alitaka kuona joto la mashine kwenye simu akiwa nyumbani, badala ya kuamka usiku kwenda kuchungulia. Ombi hili nalisikia sana siku hizi kwa wenye visima, mahoteli na viwanda, ndiposa nimeona nilieleze.

Mashine ile huamrishwa na kompyuta ndogo ambayo sisi mafundi huiita PLC. Yake ni ya kitambo, haina tundu la waya wa mtandao. Huongea kwa nyaya mbili tu, kwa lugha iitwayo Modbus. Ili ielewane na rauta, huwekwa adapta katikati, kijisanduku cha kutafsiri maneno ya upande huu kwenda upande ule.

Kuifunga si kazi ngumu ukifuata utaratibu. Kwanza zima umeme na uifunge swichi kwa kufuli, asije mtu akawasha ilhali mkono wako umo ndani. Nyaya hizo mbili, A na B, ziwe zimesokotwa pamoja, na usizipitishe bega kwa bega na nyaya za mota. Weka rezista ya omu 120 kwenye kila ncha ya laini, katikati usiweke. Hakikisha kasi ni moja kila upande, mathalan 9600, na kila kifaa kina namba yake kati ya 1 na 247. Viwili vikiwa na namba moja vitajibu kwa pamoja na hutaambulia kitu. Mwisho, ipe adapta anwani ya IP isiyobadilika.

Hapo wengi hukusanya vyombo wakaenda zao. Kwangu mimi kazi bado.

"Fundi, nifungulie tu kwenye rauta nione," mzee aliniambia.

Nikamwomba ruhusa nimwonyeshe jambo. Nilichomeka laptopu kwenye mtandao wa ofisi, nikatuma amri moja, pampu ya maji ikazima. Sikuulizwa jina wala nywila. Mzee alinyamaza.

Modbus ilitoka mwaka 1979, enzi ambazo nyaya za kiwanda ziliishia kwenye ukuta wa kiwanda. Haikufunzwa kumuuliza mtu wewe ni nani. Ukifungua mlango namba 502 kwenye rauta, amri ile ile yaweza kutumwa na mtu asiyejua hata Kenya iko wapi.

Novemba 2023, mjini Aliquippa huko Marekani, wadukuzi waliingia kwenye PLC ya kituo cha kusukuma maji, wafanyakazi wakalazimika kuendesha pampu kwa mkono. Serikali yao ikawahimiza wenye vifaa kama hivyo waviondoe kwenye intaneti na wabadilishe nywila ya kiwandani, ambayo ilikuwa 1111.

Kwa hivyo kwa mzee nilifanya hivi: adapta niliiweka kwenye mtandao wake peke yake, mbali na kompyuta za ofisi na simu za wageni. Nywila yake nikaibadilisha. Simu ya mzee huingia kwa VPN, na huona joto tu, haiwezi kuamrisha kitu.

Gharama iliongezeka kidogo na alinung'unika. Lakini barafu ile ndiyo wavuvi huichukua alfajiri kabla ya kutweka. Mashine ikizimwa usiku na mtu wa mbali, samaki watakaooza ni wa jirani zetu.