Dawa Iliyotangulia Maelezo

Mgonjwa wa skizofrenia husikia sauti kweli kweli. Zinamwita jina, zinamkejeli, pengine mbili zinamjadili kana kwamba hayupo. Dawa ya kwanza ya kuzipunguza ilizuka katika kazi nyingine kabisa. Henri Laborit, daktari mpasuaji wa jeshi la majini la Ufaransa, alitaka kuwatuliza wagonjwa kabla ya upasuaji. Klopromazini ikawafanya wasijali, ingawa walikuwa macho. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakawapa dawa hiyo wagonjwa wa saikosisi katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, na wengi wakatulia. Kwa nini? Hakuna aliyejua.

Fununu ya jibu ilitoka kwa Arvid Carlsson, Sweden, mwaka 1963: dawa za aina hii huingilia kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo. Baadaye ikathibitika kwamba huziba vipokezi vyake. Dopamini ndiyo inayouambia ubongo lipi la kutilia maanani. Ikizidi, hata kikohozi cha jirani hugeuka ujumbe. Lakini dopamini hiyohiyo, kwingine ubongoni, huongoza mwendo wa viungo. Ndiyo maana mtu aliyechomwa haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo, huweza kutetemeka, kukakamaa au kupinda shingo, na ndugu wakadhani ugonjwa umezidi, wakamwachisha dawa. Wangerudi kwa daktari, angepunguza dozi au kuongeza dawa ya kupunguza madhara hayo.

Tukija kwenye chanzo cha ugonjwa, hapo dopamini haitoshi. Pacha wa kufanana akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua ni kama theluthi hadi nusu, ilhali kwa watu wote haufiki hata mmoja kwa mia. Urithi una nguvu, basi, ila hauamui peke yake: jeni ni nyingi, kila moja na mchango mdogo, kisha huongezeka matatizo ya uzazi, au bangi kali iliyoanza kuvutwa ujanani. Huku kwetu hulaumiwa shangazi mchawi. Marekani, mwaka 1948, Frieda Fromm-Reichmann alimlaumu mama mzazi, na wasomi wakamwamini kwa miaka mingi. Sijui lipi baya zaidi.

Tukirejea kwenye dawa, klozapini nayo huziba vipokezi vya dopamini kwa ulegevu, lakini huwasaidia wengi walioshindwa na dawa nyingine. Gharama yake ni kupima damu mara kwa mara, kwani inaweza kumaliza chembe nyeupe. Na mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa isiyoziba kipokezi chochote cha dopamini: inapitia mlango wa asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo.