Miaka Yako ya Kazi Iko Wapi, Mama?

Siku hizi si jambo geni kusikia katika kikundi cha akina mama kwamba familia fulani inajiandaa kuhamia Kanada. Wengine wanakwenda kwa ajili ya watoto, wengine kwa ajili ya mshahara, na wengine kwa kuwa dada au kaka yuko huko tayari. Hatuandiki ili kumshauri mtu aende au abaki. Hilo ni la mke na mume kuzungumza kwa utulivu. Tunataka kuzungumzia jambo moja linalowakwamisha wengi waliokwisha kuamua, nalo ni kuthibitisha kwamba kazi waliyoifanya kwa miaka mingi waliifanya kweli.

Sisi wauguzi tunaulizwa jambo hili mara kwa mara, maana wenzetu wengi wa wodini wameanza safari hiyo. Tumeona jinsi mama hodari wa kazi anavyoweza kuonekana kama mtu asiyewahi kuajiriwa, kwa sababu tu hana karatasi. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kanada inataka nini?

Tangu Januari 2015 Kanada hupokea maombi ya watu wenye ujuzi kwa utaratibu uitwao Express Entry. Ndani yake umo mpango wa shirikisho wa wafanyakazi wenye ujuzi, ambao ndio huwahusu wengi wanaoomba wakiwa bado nyumbani. Mwombaji lazima awe amefanya kazi ya ujuzi, yenye malipo, kwa mwaka 1 mfululizo au zaidi, ndani ya miaka 10 iliyopita. Mwaka huo huhesabiwa kuwa saa 1,560, yaani saa 30 kwa wiki. Aliyefanya kazi saa 15 kwa wiki atatimiza saa hizo kwa miezi 24. Lakini zile zamu zetu za usiku zilizozidi saa 30 kwa wiki haziongezi kitu.

Kazi zenyewe zimepangwa katika madaraja, kuanzia 0 hadi 5. Zinazokubaliwa ni za daraja la 0, 1, 2 na 3. Humo wamo muuguzi aliyesajiliwa, mwalimu wa shule ya msingi, mpishi na mtengeneza nywele. Fundi wa kushona nguo yumo daraja la 4, hivyo kwa mpango huu kazi yake haihesabiwi.

Na sisi tunaotumika kanisani tulikumbuke hili: kazi ya kujitolea haihesabiwi, hata kama ulihudumia wagonjwa kila Jumamosi kwa miaka 10. Thawabu yake iko mahali pengine.

Kisha kuna alama. Mwenye mwaka 1 wa kazi hupata alama 9, mwenye miaka 2 hadi 3 hupata 11, mwenye miaka 4 hadi 5 hupata 13, na mwenye miaka 6 au zaidi hupata 15. Elimu, lugha, umri na mambo mengine huongeza alama zake, na mtu anatakiwa kufikisha 67 kati ya 100. Hebu fikiri: mama aliyefanya kazi miaka 6, lakini anaweza kuthibitisha mwaka 1 tu, amepoteza alama 6 papo hapo!

Barua yenyewe

Uthibitisho mkuu ni barua kutoka kwa mwajiri. Wengi hupeleka barua fupi isemayo, "Huyu alikuwa mfanyakazi wetu, mwaminifu na mchapakazi." Ni maneno mazuri, lakini hayatoshi. Barua inayotakiwa iwe kwenye karatasi rasmi ya ofisi, yenye anwani, simu na barua pepe, na iwe na sahihi ya msimamizi wako au afisa utumishi pamoja na jina na cheo chake. Ndani yake ionyeshe:

- jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti;
- vyeo vyote ulivyoshika na tarehe za kila kimoja, kuanza na kumaliza;
- majukumu yako katika kila cheo;
- saa za kazi kwa wiki;
- mshahara wa mwaka na marupurupu;
- kama bado uko kazini au umeondoka.

Hapo penye majukumu ndipo wengi wanapoanguka. Kanada ina orodha ya kazi zote, na kila kazi ina namba na maelezo yake. Muuguzi aliyesajiliwa ni namba 31301. Afisa husoma barua yako akiilinganisha na maelezo hayo, si na cheo tu. Ukiandikiwa "muuguzi" bila kusema kwamba ulipima hali ya mgonjwa, ulitoa dawa, ulisaidia katika upasuaji na ulielekeza familia juu ya matunzo nyumbani, atajuaje? Lakini usinakili maelezo yao neno kwa neno. Mwombe msimamizi aandike kazi mliyofanya kweli, kwa maneno yake.

Kama barua imeandikwa kwa Kiswahili, itafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na nakala ya Kiswahili iambatanishwe. Mtafsiri asiwe mume wako wala ndugu yako, hata kama Kiingereza chake ni kizuri namna gani.

Jina nalo ni jambo la kuangalia. Wengi wetu tuliajiriwa kwa jina la baba, tukaolewa, na pasipoti ikatoka kwa jina la mume. Weka cheti cha ndoa, au hati ya kiapo ya kubadili jina, pamoja na barua hizo, ili isionekane kwamba ni watu wawili.

Haki yako kisheria

Akina mama wengi huona aibu kumrudia mwajiri wa zamani, hasa kama waliachana vibaya. Kumbe Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema hivyohivyo kwa aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Usiombe kama mtu anayeomba msaada. Ni haki yako. Ila ujue kwamba cheti hicho peke yake kwa kawaida hakionyeshi saa wala majukumu yote. Kitumie kama msingi, kisha uombe barua kamili.

Kama mwajiri hayupo tena

Tunamfahamu muuguzi mmoja aliyefanya kazi miaka 4 katika zahanati ya mtu binafsi. Mwenye zahanati alifariki, watoto wake wakafunga, na mafaili yakaenda kusikojulikana. Mama yule alilia, akidhani miaka 4 imezikwa pamoja na tajiri wake.

Haikuzikwa. Utaratibu unaruhusu mtu asiyeweza kupata barua aeleze sababu kwa maandishi na kupeleka ushahidi mwingine. Alikwenda NSSF akapata taarifa ya michango yake, mwezi kwa mwezi, ikiwa na jina la mwajiri. Benki ilimpa taarifa ya akaunti iliyoonyesha mshahara ukiingia. Sandukuni alikuta mkataba na hati chache za mshahara. Daktari aliyekuwa msimamizi wake alimwandikia barua akieleza kazi walizofanya pamoja, na akaweka simu yake. Karatasi moja pekee isingetosha, lakini zote kwa pamoja zilisimulia habari ileile.

Je, waliojiajiri? Kazi ya kujiajiri inakubaliwa ikiwa ni ya ujuzi. Hata hivyo, kiapo chako mwenyewe hakitoshi. Mwenye saluni aonyeshe leseni ya biashara, karatasi za kodi, na barua za wateja au kampuni zinazotaja huduma aliyowapa na malipo waliyolipa.

Barua za kununua

Sasa tuseme lililo gumu. Wapo vijana wanaouza barua za kazi zenye mihuri mizuri kuliko ya kweli. Wapo pia waajiri wapole wanaokubali kuongeza miaka 2 "kumsaidia dada". Mama, kataa. Maafisa wa Kanada wanaweza kumpigia simu mwajiri na kuuliza. Uongo ukigunduliwa, mhusika huzuiwa kuingia Kanada kwa miaka 5. Kwa kuwa mume na watoto wamo katika ombi lilelile, wote huanguka pamoja nawe. Na hata usipogunduliwa, utawafundishaje watoto ukweli katika nyumba iliyojengwa juu ya barua ya uongo?

Ukihitaji wakala wa kulipwa, uliza kama ni mwanasheria wa Kanada au mshauri aliyesajiliwa na chombo cha huko kinachosimamia washauri wa uhamiaji. Asiyesajiliwa haruhusiwi kukuwakilisha kwa malipo.

Anza mapema

Ukishaalikwa kupeleka ombi kamili, unapewa siku 60 tu. Kila mmoja wetu anajua barua moja ya ofisini inavyoweza kuzunguka miezi 3 ikisubiri sahihi ya bosi aliye semina. Kwa hiyo kusanya barua kabla ya mwaliko. Wauguzi wakumbuke pia kwamba ukazi wa kudumu si leseni ya uuguzi; usajili wa jimbo ni hatua nyingine, nao utadai karatasi zake.

Hata kama huna mpango wa kwenda popote, nunua faili moja wiki hii. Weka humo barua ya kuajiriwa, mikataba, barua za kupandishwa cheo na hati za mshahara. Kila unapohama kituo, usiondoke bila barua. Umeamka alfajiri, umeacha mtoto akilia, umesimama zamu nzima. Miaka hiyo ni yako. Itunze isipotee.