Nguvu ya Karatasi: Wafabiani wa London na Ushirika Wetu

Mwanachama wa Katumba Songwe apimapo mpunga au kakao ghalani huona mizani, stakabadhi na daftari la Katibu. Si rahisi kwake kufikiri kwamba baadhi ya mawazo yaliyoukuza ushirika nchini yalijadiliwa London, katika jumuiya ndogo isiyokuwa na jeshi wala serikali. Yafaa habari zake zijulikane, kwa kuwa zina mafunzo kwa kila chama cha msingi.

Jumuiya hiyo ni Fabian Society, iliyoanzishwa mwaka 1884. Jina lake latokana na Fabius, jemadari wa Roma ya kale aliyesifika kwa kumchosha adui polepole bila ya kukimbilia pigano kubwa. Wafabiani walitaka ujamaa upatikane kwa njia hiyo ya subira: kuchunguza jambo, kuandika vijitabu, na kuwashawishi wenye madaraka.

Mwaka 1940 jumuiya iliunda ofisi maalum ya kushughulikia makoloni. Katibu wake alikuwa Rita Hinden, na mwenyekiti alikuwa mbunge Arthur Creech Jones. Ofisi ilipokea barua kutoka makoloni, ikakusanya habari na kuwapatia wabunge maswali ya kuiuliza serikali. Mwaka 1945 ilitoa kitabu juu ya ushirika katika makoloni. Mwaka uliofuata Wizara ya Makoloni iliwapelekea magavana waraka wa kuhimiza ushirika, na mwaka huo huo Creech Jones akawa Waziri wa Makoloni.

Isidhaniwe kwamba ushirika wa Tanganyika ulizaliwa na Wafabiani. Sheria ya ushirika ilikwisha kutungwa mwaka 1932, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliandikisha chama chao kikuu mwaka 1933. Katika Rungwe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyela, chama kikuu kilianzishwa mwaka 1949. Jasho lilikuwa la wakulima wenyewe. Mawazo ya London yaliongeza msukumo kwa watawala.

Mwalimu Julius Nyerere naye aliyasoma maandishi ya Wafabiani alipokuwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, kati ya mwaka 1949 na 1952. Lakini hakuyameza yote. Katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 alieleza kwamba msingi wa ujamaa wa Afrika ni jamaa, wala si vita baina ya matabaka. Alichukua kilichofaa, akakipima kwa maisha ya watu wake.

Hapo ndipo penye fundisho la kwanza: wazo la mgeni si sumu wala si dawa mpaka wenye nyumba walipime. Kasoro ya wataalamu wa London ilikuwa kuamini mno maofisa. Ushirika uliwekwa chini ya ulezi wa Mrajis, na mwanachama akazoea kuelekezwa kutoka juu. Kasoro hiyo haikuondoka na wakoloni. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya Serikali, bila ya wanachama kupiga kura. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Chama ambacho wanachama hawakishiki wenyewe huondolewa kwa urahisi.

Fundisho la pili lawahusu Makatibu. Nguvu ya Wafabiani ilikuwa karatasi yenye habari za hakika, iliyofika mezani kabla ya uamuzi. Silaha hiyo haihitaji London. Chama chenye hesabu sahihi za kilo, bei, makato na gharama za usafiri, na kumbukumbu za mkutano zilizosomwa mbele ya wanachama, kinaweza kujenga hoja mbele ya chama kikuu, halmashauri au Mbunge. Chama kisicho nazo hubaki na manung'uniko tu, na wengine huandika kwa niaba yake.

Mali bila daftari huisha bila habari.