Kipimo Kabla ya Cheo: Uchunguzi wa Afya wa Makadeti nchini Uganda

Uchunguzi wa afya wanaofanyiwa vijana wanaoomba nafasi katika Chuo cha Kijeshi cha Uganda, kilichoko Kabamba wilayani Mubende, hautafuti jambo lile lile analolitafuta daktari wa Hospitali ya Mulago jijini Kampala. Daktari wa Mulago huuliza chanzo cha maumivu aliyonayo mgonjwa, ilhali mwenzake wa jeshi humkabili kijana asiyelalamikia chochote, akatakiwa kukadiria iwapo mwili huo utastahimili miezi ya mbio, mizigo, jua na usingizi haba, na baada ya hapo miaka mingi ya utumishi. Kazi hiyo ni ya ubashiri, na ubashiri huweza kukosea kwa njia mbili: kumpokea atakayeumia mafunzoni, au kumrudisha nyumbani ambaye angekuwa ofisa hodari. Kosa la kwanza huonekana upesi. La pili halionekani kamwe, kwa kuwa aliyekataliwa hapati nafasi ya kuonyesha uwezo wake, na ndiyo maana kila sharti la kiafya linastahili kupimwa upya kila sayansi inaposonga mbele.

Historia ya Uganda yenyewe inaonyesha jinsi kipimo cha askari kinavyoweza kufichua hali ya taifa zima. Mwaka 1986, muda mfupi baada ya Yoweri Museveni kuingia madarakani, maofisa 60 walipelekwa Kuba kwa mafunzo, na walipopimwa huko 18 kati yao wakakutwa na virusi vya UKIMWI, yaani VVU. Museveni amesimulia mara nyingi kwamba habari hiyo aliipata kwa Fidel Castro mwenyewe, walipokutana Harare mwezi Septemba mwaka huo katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Madaktari wa Uganda walikuwa wamekwisha kuuona ugonjwa huo Rakai na Masaka, ambako wananchi waliuita “slim” kwa jinsi ulivyokondesha watu, lakini idadi ile ya maofisa iliufanya kuwa suala la usalama wa nchi, na kampeni ya wazi ya kitaifa ikafuata. Hata Kituo cha Pamoja cha Utafiti wa Kitabibu, JCRC, kilichoanzishwa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilizaliwa kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Makerere na Wizara ya Ulinzi. Baadaye kikawa miongoni mwa vituo vilivyotangulia barani kutoa dawa za kufubaza virusi.

Kipimo chenyewe cha VVU, kwa jinsi kinavyofanyika leo, ni kidogo kwa umbo. Mtaalamu wa maabara huchoma ncha ya kidole, huweka damu kwenye ukanda mwembamba wa karatasi maalumu, huongeza tone la kimiminika cha kuisukuma, kisha husubiri takribani dakika 15. Mstari wa kwanza huthibitisha tu kwamba ukanda unafanya kazi, na ukikosekana jibu lote hutupwa. Mstari wa pili hujitokeza iwapo damu ina kingamwili dhidi ya VVU, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na virusi hivyo. Kwa kuwa kingamwili hizo huchukua wiki kadhaa kufikia kiwango cha kuonekana, aliyeambukizwa karibuni anaweza kupata jibu hasi. Muda huo, unaoitwa kipindi cha dirisha, kwa vipimo vya namna hii huweza kufika siku 90, na kwa sababu hiyo jibu hasi la siku ya usaili haliwezi kuwa neno la mwisho.

Jibu chanya nalo lina hesabu yake, ambayo waombaji wengi hawaelezwi. Tuseme vijana 10,000 wanapimwa, mmoja katika kila 100 ana virusi, na kipimo huwagundua wote lakini hukosea kwa mtu mmoja katika kila 100 wasio navyo. Walioambukizwa watakuwa 100, na wazima watakaoambiwa kimakosa kwamba wana virusi watakuwa 99, maana yake karibu nusu ya majibu chanya si ya kweli, ingawa kipimo kinasifiwa kwa usahihi wa asilimia 99. Kwa ajili hiyo utaratibu wa Uganda hautoi jibu chanya kwa kipimo kimoja: hufuatwa na cha pili cha aina tofauti, na viwili hivyo vikipingana huletwa cha tatu. Kumkataa kijana kwa ukanda mmoja wa karatasi kungekuwa dhuluma, na dhuluma hiyo ingekuwa imevaa koti la sayansi.

Mfano ulio mzito zaidi kwa Uganda ni wa selimundu. Mtu aliyerithi nakala mbili za kinasaba chenye hitilafu huugua, kwa sababu chembe zake nyekundu za damu hujikunja mithili ya mundu na kuziba mishipa midogo, ilhali aliyerithi nakala moja tu ni mbebaji, ambaye kwa kawaida huishi bila dalili na hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, walionyesha kwamba idadi ya wabebaji hutofautiana sana kati ya jamii na jamii nchini Uganda, na kwamba kwa Baamba wa Bundibugyo ilifika takribani asilimia 45. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia karibu sampuli 100,000 za damu ya watoto zilizokuwa zimekusanywa nchini kote kwa ajili ya kupima VVU, ulikuta wabebaji asilimia 13.3. Sharti lolote la kuwazuia wabebaji, katika nchi kama hiyo, lingewafungia mlango zaidi ya kijana mmoja katika kila kumi, na lingeziumiza jamii fulani kuliko nyingine.

Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani kiliwazuia wabebaji hadi mwaka 1981. Hofu haikuwa ya kubuni, kwani utafiti wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba makuruta weusi waliokuwa wabebaji walikufa ghafla mafunzoni mara nyingi zaidi kuliko wenzao wasio wabebaji. Hata hivyo, utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliofuatilia wanajeshi weusi 47,944 katika jeshi lililokwisha kuweka kanuni kali za kunywa maji, kupumzika na kupunguza mazoezi wakati wa joto, haukukuta vifo zaidi miongoni mwa wabebaji. Kilichobaki ni hatari ya misuli kuvunjika kwa kazi nzito, iliyokuwa kubwa zaidi kwao kwa asilimia 54. Sehemu kubwa ya hatari ilikuwa imekaa katika namna ya kufundisha, na mkufunzi anayejua nani ni mbebaji, na anayempa kila kadeti maji na kivuli kwa wakati wake, huokoa maisha ambayo fomu ya kukataa waombaji isingeyaokoa.

Sharti la nyayo bapa, linaloogopwa na vijana wengi wa Afrika Mashariki, nalo halina msingi imara, kwani utafiti wa makuruta wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulikuta kwamba wenye nyayo bapa waliumia kidogo kuliko wenye nyayo zilizopinda sana. Vibao vya Ishihara vya kupima uwezo wa kutofautisha rangi, kinyume chake, vilibuniwa na daktari wa jeshi la Japani na kutolewa mwaka 1917, na mantiki yake ingali wazi: rubani au mpiga ishara asiyetofautisha nyekundu na kijani huhatarisha wengine, ingawa kwa mhasibu au mhandisi wa jeshi kasoro hiyo haina uzito huo.

Kuhusu VVU, jeshi la Uganda huwapokea wasio na virusi peke yao, huku askari anayeambukizwa akiwa kazini akiendelea na utumishi na kupatiwa matibabu. Sharti hilo lilikuwa na maana ya wazi enzi ambapo maambukizi yalikuwa hukumu ya kifo. Leo anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane kwenye vipimo havisambazi kwa mwenzi wake, na anaweza kuishi na nguvu kwa miongo. Jambo linalobaki kujadiliwa kwa uzito ni kuendelea kupata dawa vitani na usalama wa damu inayochangwa kwa dharura. Hayo ni maswali ya ugavi na ya maabara, ambayo jeshi limekwisha kuyajibu kwa askari wake wenyewe walio chini ya matibabu, na ushahidi huo ulioko katika kliniki zake ndio unaopaswa kuwekwa mezani kila vigezo vya makadeti vinapoandikwa upya.