Mafuta Hayahifadhi Saumu

Saumu iliyopikwa polepole ndani ya mafuta, pamoja na kijiti cha rozimari, haihitaji jiko la hoteli. Mama mboga yeyote wa Eastlands, kati ya Umoja na Kayole, ana saumu, mafuta hupatikana dukani hata kwa kupimiwa, na rozimari ni mmea unaostawi vizuri Nairobi, kwenye ua wa nyumba au kwenye mkebe wa rangi pale roshani. Humenywa vichwa viwili vitatu, punje zikatiwa nzima kwenye sufuria ndogo, mafuta yakamiminwa mpaka yazifunike, kisha moto wa meko ukapunguzwa hadi viputo viwe vinapanda kimoja kimoja. Baada ya dakika 45 au saa nzima ukali wa saumu umekwisha, punje imelainika na kuwa tamu, inapakika kwenye chapati kwa kisu, na mafuta yaliyobaki yanafaa kukaangia sukuma wiki au kumwagiwa viazi. Sina ugomvi na upishi huo. Ugomvi wangu ni na hatua inayofuata: punje kujazwa kwenye chupa, mafuta kuzifunika, kifuniko kukazwa, na chupa kuwekwa rafuni kando ya chumvi na majani ya chai, kwa imani kwamba mafuta yameihifadhi. Hayajaihifadhi. Saumu hii ni chakula kilichopikwa, cha kuwekwa kundi moja na maharagwe yaliyobaki jana, na kwa namna moja ina hatari kuliko maharagwe.

Hatari yenyewe ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye makao yake ni udongoni. Saumu huota chini ya udongo, na rozimari haiko mbali nao, kwa hiyo hakuna kuosha kunakotoa hakikisho kwamba mbegu za bakteria huyo zimeondoka zote. Akizila mbegu hizo kwenye chakula kibichi, mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hadhuriki. Zinachosubiri ni mahali pasipo hewa, penye maji, pasipo uchachu wa kutosha, na penye joto la kawaida la chumbani. Hapo huchipuka na kutengeneza sumu inayozuia mishipa ya fahamu kuamrisha misuli. Chupa ya saumu ndani ya mafuta inatimiza masharti yote manne. Mafuta yanazuia hewa, karibu asilimia 60 ya punje mbichi ni maji, uchachu wa saumu haufiki kiwango cha pH 4.6 ambacho chini yake bakteria huyu hawezi kukua, na joto la Eastlands mchana linamtosha kabisa.

Wengi hudhani moto umekwisha kuua kila kitu, na hapa Nairobi ina tatizo lake. Mji huu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, si 100. Mafuta yanayoizunguka punje yanaweza kupita nyuzi 110, lakini ndani ya punje mna maji, na maadamu maji hayajaisha humo, joto la kiini chake haliwezi kupanda sana kuliko kiwango hicho cha kuchemka. Mbegu za bakteria huyu hustahimili hata nyuzi 100 kwa muda mrefu. Viwanda vya vyakula vya makopo huzimaliza kwa nyuzi 121, chini ya shinikizo, kwa dakika kadhaa. Sufuria ya presha nayo haitoi njia ya mkato. Joto kavu la mafuta huua mbegu hizi kwa shida kuliko joto la mvuke, na hakuna utaratibu uliopimwa wa kuhifadhi saumu ndani ya mafuta kwa presha jikoni kwa mtu. Upishi wa polepole huua bakteria wa kawaida ambao wangeiozesha saumu mapema na kutoa harufu ya kutuonya, ukamwachia uwanja yule asiyetoa onyo.

Hoja nzito zaidi dhidi ya haya inatoka Eastlands kwenyewe. Eastleigh kuna nyirinyiri, nyama ambayo Wasomali na Waborana wamekuwa wakiiweka ndani ya mafuta au samli kwa muda mrefu bila friji, na watu wanaila salama. Kama mafuta hayahifadhi, mbona nyama ile haiharibiki? Jibu liko katika kazi inayofanywa kabla ya mafuta kumiminwa. Nyama hukatwa vipande vyembamba, ikaanikwa ikakauka, kisha ikakaangwa mpaka unyevu uliobaki umetoka. Kinachoihifadhi nyirinyiri ni ukavu. Mafuta yanakuja baadaye kama mlinzi, kuzuia unyevu na vumbi visirudi. Bakteria asiyepata maji hawezi kuchipuka, awe na hewa au asiwe nayo. Saumu yetu ni kinyume cha nyirinyiri: sifa yake yote ni ulaini, na ulaini huo ni maji yaliyobaki ndani. Anayetaka saumu ya kukaa muda mrefu lazima aikaange hadi ivunjike kama kachiri, na hapo amepika kitu kingine, kizuri kwa namna yake.

Achari ya Pwani nayo hutajwa. Achari ya ndimu au ya embe ina uchachu na chumvi nyingi, na vyote viwili vimepenya hadi ndani ya tunda. Kukamulia ndimu juu ya saumu iliyo kwenye mafuta hakufanyi kazi hiyo, kwa sababu maji ya ndimu hayachanganyiki na mafuta. Yanazama chini ya chupa huku punje za juu zikibaki zilivyokuwa. Chumvi vilevile haiyeyuki kwenye mafuta. Wako pia wanaosema saumu ni dawa, inaua vijidudu yenyewe. Kuna ukweli hapo, ila kemikali inayosifiwa kwa kazi hiyo, alisini, hutokea pale punje mbichi inapopondwa au kukatwa, na kimeng'enya kinachoitengeneza huharibiwa na joto. Punje iliyopikwa nzima kwa saa moja imepoteza ukali wake pamoja na silaha hiyo.

Inabaki hoja ya uchache: ni nani amewahi kumsikia jirani aliyepatwa na ugonjwa huu, botulizimu? Ni kweli, ni nadra, na hilo ndilo hufanya usitambulike upesi. Lakini nadra si hapana. Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya mlipuko wa botulizimu hapa Kenya miongoni mwa watu waliokula kumbikumbi. Oktoba 2008, nchini Uganda, wanafunzi watatu wa shule ya bweni walilazwa na mmoja akafariki. Wachunguzi walithibitisha sumu hiyo, na chakula walichokishuku zaidi ni kiungo kilichotengenezwa nyumbani kwa mafuta, ambacho wote watatu walikuwa wamekila. Kwa saumu yenyewe mfano mkubwa ni Vancouver, Kanada, mwaka 1985: watu 36 waliugua baada ya kula kwenye mkahawa uliotumia saumu iliyokatwakatwa ndani ya mafuta na kuwekwa nje ya friji. Baadhi yao walipewa kwanza majina ya magonjwa mengine kabisa. Wengine watatu walipougua jimboni New York mwaka 1989, serikali ya Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuitia asidi saumu ya namna hiyo kabla ya kuiuza.

Kwa hiyo ipikwe kidogo. Kichwa kimoja au viwili vinatosha familia kwa siku chache, na anayeishi bedsitter isiyo na friji apike za mlo wa leo tu. Mwenye friji aipoze haraka, chombo kikiwa ndani ya beseni la maji baridi, aifunike na kuiingiza kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, aandike tarehe juu ya kifuniko, na aile ndani ya siku 4. Ubaridi wa nyuzi 4 au chini yake huchelewesha bakteria, ingawa aina fulani hukua polepole hata kwenye nyuzi 3, ndiyo maana siku hizo hazinyooshwi kuwa wiki mbili. Stima ikipotea, friji iliyofungwa hushikilia ubaridi kwa saa 4 hivi. Ikipotea usiku kucha, saumu hiyo imwagwe pamoja na mafuta yake. Friza huiweka miezi kadhaa, na ulaini hauharibiki sana. Wanaosema wataichemsha tena wana hoja nusu: sumu hii huvunjika kwa joto la nyuzi 85 kwa dakika 5 au zaidi, tofauti na mbegu zake. Lakini saumu hii hupakwa ikiwa baridi, na hakuna anayeitokosa kabla ya kuipaka kwenye chapati. Anayependa mafuta yenye harufu ya rozimari yakae rafuni atumie majani yaliyokauka kabisa, kisha ayachuje.

Wauzaji wa chupa hizi, ambao biashara yao huanzia jikoni, wana mzigo mzito kuliko mpishi wa nyumbani, kwa kuwa hawajui mnunuzi ataiweka wapi. Vyuo vikuu vya kaskazini magharibi mwa Marekani, kikiwemo cha Idaho, vimetoa utaratibu wa kuloweka saumu mbichi iliyokatwakatwa vipande vidogo kwenye maji yenye asilimia 3 ya asidi ya sitriki kwa saa 24 kabla ya kuitia kwenye mafuta. Haukupimwa kwa punje nzima zilizopikwa, na ladha yake ni ya uchachu. Mnunuzi aulize saumu ilitiwa asidi vipi na kama uchachu ulipimwa. Asipojibiwa, chupa iwe ya friji na ya siku chache. Na aliyekula akaanza kuona vitu viwili viwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito na kumeza kukawa taabu, mara nyingi kati ya saa 12 na 36 baada ya mlo na bila homa, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe waziwazi habari ya saumu na mafuta.