Anayeinamisha Macho Anaogopa Nini?

Wazazi wa mtaa wa Muthangari, Nairobi, wanaomleta kijana wa chuo kwa mwanasaikolojia huwa na malalamiko yanayofanana: hasalimii wageni, harusini hujificha jikoni, na kanisani wageni wakiambiwa wasimame wajitambulishe, yeye hutoka nje. Wengi wameshaambiwa ni hofu ya watu. Huenda ni hiyo. Huenda pia ni usonji (autism), na mara nyingi ni vyote viwili.

Mwenye hofu ya watu anajua vizuri kinachotarajiwa. Kinachomkaba ni fikra kwamba wote wanamtazama na kumhukumu. Akiwa na watu aliowazoea, ulimi hufunguka. Mwenye usonji huenda asijali hukumu hiyo hata kidogo, ila ishara ambazo wengine huzielewa bila kufundishwa hazimfikii: utani, jicho la kumwambia tuondoke, mgeni anayesema ameshiba huku akingoja abembelezwe. Ugumu huo upo hata nyumbani, tangu utotoni, pamoja na kushikilia ratiba au kuudhiwa na kelele. Akikwepa matatu za barabara ya Waiyaki Way, muulize: anakwepa abiria au muziki? Dodoso linalouliza tu kama anakwepa watu litapata "ndiyo" kwa wote wawili.

Macho nayo yanapotosha. Kwetu mtoto akiinamisha macho mbele ya mzee ameonyesha adabu, kwa hiyo kipimo cha kigeni kinaweza kuita adabu ugonjwa, na adabu ikaficha usonji wa binti mtulivu. Daktari wa akili ya watoto Leo Kanner alipoeleza usonji mwaka 1943, kati ya watoto 11 aliowaeleza wasichana walikuwa 3 tu, na hadi leo wasichana husahaulika. Wengi hukariri salamu na vicheko vya wenzao, wakirudi nyumbani wamechoka kabisa. Na mtoto aliyechekwa miaka mingi kwa kusema lisilofaa, hofu ataikosaje?

Kumzoesha mtu hadhara hatua kwa hatua husaidia hofu. Kama kelele zenyewe zinamuumiza, kumsukuma kwenye umati ni kumtesa. Huyo aambiwe mapema nani atakuja, aelezwe taratibu waziwazi, apewe pa kupumzikia.

Nairobi, kitengo cha usonji katika shule ya msingi ya City Primary, Ngara, kilianzishwa kwa ajili ya watoto. Lakini mwenye usonji anayeongea vizuri na kufaulu mitihani hufika chuoni bila yeyote kuuliza. Kwa hiyo kabla ya kuanza tiba, aitwe mama au shangazi aliyemlea, aeleze kijana huyu alivyocheza na wenzake akiwa na miaka minne.