Dakika Kumi Zinapotelea Mlangoni

Muhula uliopita nilipata 36 kwenye somo la takwimu. Kufaulu ni 40. Somo nilikuwa nalijua, tena madesa yangu yalizunguka darasa zima na wengi walioyasoma walifaulu. Kilichoniangusha ni kwizi. Zilikuwa nne, alama tatu kila moja, na mimi nilifanya moja tu. Zile nyingine tatu nilifika karatasi zinakusanywa. Alama tisa zikaondoka hivyo hivyo, na mimi nikaenda sapu.

Sababu yangu ilikuwa moja, na kila niliyemwambia aliikubali: njia ni ndefu. Kila Jumanne nilikuwa na mhadhara saa 2:00 hadi saa 4:00 asubuhi kwenye ukumbi mkubwa wa bondeni, halafu saa 4:00 hiyo hiyo takwimu inaanza kule juu, ndaki nyingine kabisa. Kwizi ilikuwa inaanza saa 4:05 na kukusanywa saa 4:15. Mimi nilikuwa naingia saa 4:16, jasho linatiririka, mwalimu ameshabana karatasi kwapani.

Baada ya matokeo kutoka niliamua kuipima hiyo njia. Nilitaka ushahidi wa kumwonyesha yeyote atakayenisikiliza kwamba kutoka bondeni hadi juu ni safari. Simu ikaniambia ni mita 900, na kupanda ni mita 40. Nikatafuta namna ya kubadilisha namba hizo ziwe dakika.

Ipo kanuni ya zamani inayotumiwa na wapanda milima. Mskoti mmoja, William Naismith, aliiandika mwaka 1892: weka saa moja kwa kila maili tatu za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 5 kwa saa, na dakika moja ya ziada kwa kila mita 10 za mwinuko. Piga hesabu: mita 900 ni dakika 11, mita 40 za kupanda ni dakika 4. Jumla dakika 15. Nikatembea kwa mwendo wangu wa kawaida na saa mkononi. Dakika 15, pungufu ya sekunde chache.

Hapo ndipo nilipoanza kujishangaa. Mwalimu wa bondeni huwa anamaliza saa 4:00 kasoro dakika 10. Anafunga kompyuta yake, anasema "tuishie hapo," anaondoka. Kama njia ni dakika 15, ilibidi niwe juu saa 4:05, kwizi ndiyo kwanza inagawiwa. Mbona nilikuwa nafika saa 4:16? Kuna dakika 11 zimekwenda wapi?

Jumanne iliyofuata nilikaa siti yangu ile ile ya nyuma na kuandika kila kitu. Saa 3:50 mwalimu amemaliza. Karatasi ya mahudhurio bado iko mstari wa sita, inakuja taratibu, kila mtu anatafuta jina lake na la rafiki yake. Inanifikia saa 3:55. Nafungasha begi, naingia kwenye foleni ya mlango. Natoka nje saa 4:01. Yaani dakika 11 kamili nilikuwa bado ndani ya ukumbi, na siku zote hizo nimekuwa nikiilaumu barabara!

Dakika sita kati ya hizo zilipotea kwenye foleni. Wiki iliyofuata nikasimama pembeni ya mlango nikahesabu vichwa. Kwa dakika moja walitoka watu 52. Darasa letu lina watu kama 280, kwa hiyo wa mwisho anatoka baada ya dakika tano na ushee, hata kama hakuna anayesimama mlangoni kupiga stori, na wapo. Wahandisi wanaopiga hesabu za kutoa watu kwenye majengo wakati wa moto huchukua kwamba mlango unapitisha, ukijitahidi sana, kama mtu 1.3 kwa sekunde kwa kila mita moja ya upana. Ukisukuma zaidi ya hapo watu wanabanana na mwendo unapungua. Bawa moja la mlango wetu halifikii mita moja. Watu 52 kwa dakika ni kiwango cha kawaida tu, mlango ulikuwa unafanya kazi yake.

Nasema bawa moja kwa sababu mlango ule una mabawa mawili. La kushoto limefungwa tangu nilipofika chuoni, na wote tulichukulia kwamba ndivyo lilivyo. Siku ninahesabu, mama mmoja anayesafisha jengo aliniuliza nafanya nini pale na daftari. Nikamweleza. Akacheka. "Mwanangu, hilo halina kufuli. Ni komeo la juu na la chini, vuteni tu." Tukavuta. Dakika moja ya kwanza walipita watu 97, na ukumbi ukawa mtupu kabla ya dakika tatu kwisha.

La mahudhurio nalo lilikuwa jepesi. Tulimwomba CR wetu atoe karatasi mbili badala ya moja, moja ianzie mbele na nyingine nyuma, na zianze kuzunguka mwanzoni mwa kipindi cha pili badala ya mwishoni. Sasa saa 3:50 kila mtu ameshasaini. Mimi nimehama siti ya nyuma, nakaa ya pembeni karibu na mlango. Natoka saa 3:52, nafika juu saa 4:07.

Kuna wenzangu wataniuliza kuhusu boda. Nimeipima pia. Kutoka ukumbini hadi kijiweni dakika 3, kupakiwa na kuzunguka barabara ya magari dakika 5. Inakuokoa dakika 7 na kukugharimu shilingi 1,000. Mara moja kwa wiki, wiki 15 za muhula, ni shilingi 15,000, na bumu letu mnalijua linavyoyeyuka. Kukimbia je? Nilijaribu mara mbili. Unaokoa dakika 4, halafu unatumia dakika 3 kupata pumzi na kukausha mikono isiloweshe karatasi. Msimu wa mvua usithubutu kabisa, ile njia ya mkato inakuwa utelezi mtupu.

Nilidhani habari imeishia hapo, mpaka nilipotembea na mwenzangu mmoja wa kozi yetu anayetumia magongo. Ameniomba nisiandike jina lake. Njia ya mkato ina ngazi, kwa hiyo yeye hupita barabara ya magari, mita 1,400. Tulitumia dakika 32, na tulipumzika mara moja tu. Nikamuuliza kwizi alizifanyaje muhula uliopita, maana yeye alifaulu. Akanijibu kama anaongelea kitu cha kawaida: "Kaka, mimi Jumanne nilikuwa natoka bondeni saa 3:30." Kila wiki alikuwa anaacha nusu saa ya somo moja ili awahi lingine, na somo aliloliacha ndilo lililompa alama mbovu. Miezi minne tumekaa darasa moja, nikimwona anaondoka mapema nilidhani amechoka. Kwake yeye bawa la pili la mlango halibadilishi kitu. Hata akitoka wa kwanza saa 3:50, anafika saa 4:22.

Kwa hiyo kuna sehemu ya tatizo tunayoweza kuitatua wenyewe, na kuna sehemu inayokaa kwenye ratiba. Ratiba inaandika 2:00–4:00 bondeni na 4:00–5:00 juu, kana kwamba mtu anafumba macho hapa na kuyafumbua kule. Vyuo vyetu vikubwa vina eneo na vilima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia mtaa wa Lumumba katikati ya jiji mwaka 1961, kikahamia kilimani mwaka 1964. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kilipewa ardhi kubwa, na ndaki zake zimeachana kwa umbali. Ukijenga hivyo unapata hewa na nafasi ya kupanuka. Gharama yake ni muda wa kutembea, na lazima iandikwe mahali fulani.

Wenzetu wengine wameiandika. Ujerumani mhadhara ukiandikwa saa kamili, desturi ni uanze robo saa baadaye, na wasipotaka hiyo robo wanaweka alama maalumu. Berkeley, kule California, vipindi huanza dakika 10 baada ya saa iliyochapwa. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa na desturi hiyo hiyo, mwaka 2018 kikaigeuza: vipindi vianze saa kamili na viishe dakika 10 kabla. Dakika zenyewe ni zile zile. Tofauti ni kwamba mgeni sasa anaziona kwenye ratiba, hahitaji kuambiwa na wenyeji.

Mwezi uliopita nilikwenda na CR kwa mwalimu wa takwimu. Muhula uliopita nilishawahi kwenda kulalamika kwamba njia ni ndefu, akaniambia wenzako mbona wanafika, na alikuwa na haki kuniambia vile. Safari hii nilimpa karatasi moja: mita, mwinuko, dakika, mlango kabla na baada, na dakika 32 za mwenzetu. Aliisoma mara mbili. Akauliza maswali kuhusu jinsi nilivyohesabu watu mlangoni, si unajua watu wa takwimu. Kisha akasema kuanzia wiki ijayo kwizi zitakuwa dakika 10 za mwisho wa kipindi. Kuhusu kuhamisha kipindi chenyewe kije ukumbi wa karibu, alisema hilo liko juu yake, tulipeleke kwa wanaopanga ratiba. Tumelipeleka. Jibu bado.

Ombi langu kwenu ni hili. Rasimu ya ratiba ya muhula ujao ikibandikwa, usiishie kuipiga picha. Angalia vipindi vinavyofuatana bila nafasi. Tembea njia hiyo siku ya kawaida, saa ya kawaida, begi mgongoni, na anza kuhesabu pale mwalimu anaposema tuishie hapo, usisubiri mpaka uwe nje. Andika dakika, mpe CR wako, naye azipeleke serikali ya wanafunzi kabla rasimu haijawa ratiba kamili. Na kama darasani kwenu kuna anayeondoka mapema kila wiki, muulize anakwenda wapi. Mimi ilinichukua muhula mzima kuuliza.

Sapu yangu ni saa 2:00 asubuhi, ukumbi wa juu. Kutoka bwenini ni dakika 22, nimepima. Nitaondoka saa 1:15.